Naibu Asiye na Barua

Kiti cha Naibu kiko karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia anamuona yeye kwanza, halafu anampita. Miaka kumi na moja amekikalia, kwenye karakana ya magari ya halmashauri, mpaka jina lake limesahaulika. Mkewe anamwita Naibu. Mama mkwe akipiga simu anasema, "Hebu nipe Naibu."

Mama Chai, anayepita na chupa zake kila saa nne asubuhi, aliwahi kumbana.

"Eti wewe na makamu mna tofauti gani?"

"Makamu ni wa vyama, wa vyuo, wa nchi huko juu," Naibu akamweleza. "Naibu ni wa maofisini."

"Na msaidizi?"

"Msaidizi anabebeshwa mafaili. Mimi nina kiti."

"Haya, na kaimu?"

Hapo Naibu akashusha sauti. "Kaimu ni yule aliyeachiwa barua."

"Kwa hiyo Mkuu akisafiri, kaimu ni wewe."

"Akiniachia barua."

"Asipoacha?"

"Nabaki naibu."

Mama Chai alicheka mpaka chai ikamwagikia kidole. "Mwenzangu! Yaani una kiti, makalio huna!"

Naibu alicheka naye. Lakini maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki, maana ndivyo mambo yalivyo pale. Gari halitoki getini bila karatasi ya safari. Karatasi anasaini Mkuu wa karakana. Mkuu akiwa hayupo, anasaini naibu wake, mradi awe na barua ya kukaimu yenye muhuri, na nakala yake ibandikwe kwenye kibanda cha askari wa geti. Bila barua, saini ya Naibu haina tofauti na ya mpita njia.

Sasa Jumanne Mkuu aliaga kwenda semina. Naibu alimsindikiza mpaka kwenye gari, akambebea na mkoba. Barua ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza. Utamwambiaje bosi wako akuandikie barua ya kukalia kiti chake? Ni kama kumuuliza mtu aliye hai koti lake atamwachia nani. Mkuu akapandisha kioo, akasema, "Sina wasiwasi. Wewe si upo?" Akaondoka.

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, kaka yake Naibu akaingia karakana kwa miguu, amevaa ndala kwa sababu viatu havimwingii tena. Miguu ilikuwa imevimba na kung'aa. Huyu ndiye kaka aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Figo zake zimechoka. Kila Alhamisi anatakiwa kuwa hospitali kubwa saa nane mchana kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Ukichelewa, kitanda anapewa mwingine.

"Mdogo wangu, mabasi yamerudi," alisema akijishusha kwenye benchi. "Daraja la chini limefunikwa na maji. Wanasema gari la juu tu ndilo linapita."

Gari la juu, lile la magurudumu makubwa, lilikuwepo. Limeegeshwa pale, safi, tangi limejaa. Na sheria inaruhusu kabisa: barabara ikikatika, gari lile linabeba wagonjwa. Karatasi tu isainiwe. Mwendo ni saa mbili. Wakitoka kabla ya saa sita, wanawahi.

Naibu akampigia Mkuu. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Na tena. Saa tano na robo akachukua karatasi ya safari, akasaini mwenyewe, akaenda kwa dereva ambaye wote wanamwita Kisigino kwa jinsi anavyokanyaga mafuta.

Kisigino akaisoma karatasi kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Naibu, barua iko wapi?"

"Mkuu hapatikani. Huyu ni kaka yangu, unamjua."

"Namjua. Shikamoo, kaka," Kisigino akainama kidogo kuelekea benchi, kisha akamvuta Naibu pembeni. "Unamkumbuka Mzee Dizeli?"

Nani asiyemkumbuka? Mwaka jana Mzee Dizeli alitoa gari hilohilo kubeba walimu waliokwama kwenye tope. Saini ilikuwa ya Naibu. Mkuu alikubali kwa simu, kwa mdomo wake, geti likafunguliwa. Mkuu aliporudi, wakubwa wakamuuliza, naye akageuka na kuuliza, "Nani aliruhusu?" Naibu akaangalia viatu vyake. Mzee Dizeli akafukuzwa, na siku hizi anaziba pancha za baiskeli njia panda.

"Nina watoto wanne," Kisigino alisema polepole. "Ungesema siku ile, leo ningewasha gari sasa hivi."

Naibu akaenda getini. Askari wa geti akasimama, akapiga saluti safi.

"Askari, kuna mgonjwa. Nikikuomba ufungue?"

"Nitakuuliza barua, mkuu wangu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kazi hii."

"Ndiyo. Ukasema hata akija baba yako mzazi bila barua, nisifungue. Umesahau? Ulinirudisha mara tatu mpaka nikakariri."

Alikuwa anasema kweli, na hakusema kwa kejeli. Naibu akarudi mezani, akapiga simu. Saa sita ikapita. Mama Chai akaleta kikombe, akakumbuka kwamba mgonjwa hapaswi kunywa sana, akakaa tu naye akimpepea na kifuniko cha boksi. Hakuna aliyetania.

"Kwani wewe hapa ni nani hasa?" Kaka akauliza. Aliuliza taratibu, kama anayetaka kujua kweli.

"Naibu."

"Nyumbani tulifanya sherehe ulipopata."

"Nakumbuka, kaka."

Saa nane na dakika kumi nesi akapiga kutoka hospitali. Kitanda kimechukuliwa. Nafasi iliyopo ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na asikose, maana miguu ikishavimba hivyo maji yanaelekea kifuani.

Saa nane na nusu Mkuu akapiga. Naibu akaweka sauti ya nje, wote wasikie.

"Nimeona umenitafuta mara kumi na nne! Kuna moto?"

Naibu akamweleza yote.

"Aaah! Sasa jambo dogo hilo! Kwani wewe si naibu wangu? Ungesaini tu, gari litoke!"

Kisigino akageuza uso ukutani. Askari wa geti, aliyekuwa amesogea kusikiliza, akakohoa. Naibu akavuta pumzi, akalisema lile alilolimeza Jumanne.

"Mkuu, unarudi kesho?"

"Kesho wapi? Semina imeongezwa mpaka Jumatatu."

"Basi naomba barua ya kukaimu. Hata uandike kwa mkono, upige picha, unitumie. Jumamosi lazima kaka aende."

Kikaja kicheko kidogo, cha mtu aliyeguswa kwenye kiti chake.

"Barua? Mara hii umeshakitaka kiti? Wacha utani bwana. Barua ya nini na wewe upo?"

Simu ikakatwa.

Naibu akakaa na simu mkononi. Kaka akajaribu kusimama, mguu ukagoma, akashika bega la mdogo wake. Wakatoka hivyo, taratibu, wakipita ubavuni mwa gari la juu. Getini askari akafungua kile kimlango kidogo cha watembea kwa miguu, akapiga saluti.

"Naibu," akasema kwa heshima zote.

"Jumamosi itakuwaje?" Kaka akauliza walipofika barabarani.

Naibu akaangalia viatu vyake.