Bromelia ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu mjini, Sekei, maneno yalituishia mapema. Alikuwa ameanguka shambani kwake, kule juu mlimani Meru, akavunjika nyonga, na daktari akamkataza kupanda na kushuka makorongo. Maisha yake yote alikuwa ameamkia kahawa na migomba. Kwetu alikuta uwanja wa saruji, geti, na baraza yenye maua yangu ya vyungu.

Ua nililolipenda kuliko yote lilikuwa bromelia, niliyoinunua kwa wauza miche wa Kimandolu. Majani yake magumu, kama ya nanasi, yalijipanga mfano wa kikombe, yakashika maji katikati, na humo likachomoza ua jekundu lililokaa miezi bila kunyauka.

"Hili nanasi litazaa lini?" mama aliuliza.

"Halizai, mama. Ni pambo tu."

"Pambo," akarudia, akageuza kiti chake kuelekea mlimani.

Ua lilipoanza kufifia, nilidhani limechoka tu. Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni Kwa Mrombo nikakuta chungu kimejaa samadi hadi kwenye majani. Mama alikuwa amemwagiza shemeji aliyekuja kumsalimia amletee kutoka shambani kwake.

"Lilikuwa na njaa," aliniambia, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Mkwe habishiwi. Niliiacha samadi palepale. Baada ya muda majani yakalegea, shina likaanza kunuka, na nilipolishika likang'oka mkononi.

"Limeoza, mama," nikasema.

Usiku ule hakugusa chakula. Alidai tumbo limejaa.

Asubuhi nilimkuta ameketi sakafuni barazani, fimbo kando, chungu amekimwaga juu ya gunia, vidole ndani ya samadi.

"Mama! Utainukaje hapo?"

"Utaniinua. Njoo uone kwanza."

Ubavuni mwa shina lililooza palikuwa na machipukizi mawili, mabichi, hayajaguswa na uozo.

"Mgomba ukishazaa, hufa," alisema. "Watoto ndio wanaobaki. Sikujua kama na hili liko hivyo."

"Hata mimi sikujua. Nilidhani litachanua kila mwaka."

Alipangusa vidole kwenye gunia. "Lakini samadi nilizidisha. Pole, mwanangu."

Sikuwa nimezoea kuambiwa pole na wazee wa ukweni. Nilikaa naye chini, tukayaosha yale machipukizi. Kubwa tulilipanda kwenye vipande vya magome na kokoto. Dogo tuliliweka ndani ya chupa pana ya kioo iliyokuwa ya biskuti, pamoja na majani laini yanayoota kwenye mawe ya mtoni. Chupa ikakaa dirishani kwake. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali, aliwaonyesha, akawakataza kuimwagia maji.

Tukiwa tunayahudumia, alianza kunisimulia mambo: alivyoolewa bado msichana, alivyolia mwaka mzima kwa kukumbuka kwao, na jinsi mama mkwe wake mwenyewe alivyomkabidhi kipande cha shamba la migomba awe na cha kuamkia. Nami nikamwambia kwamba nilikuwa namwogopa. Alicheka hadi akajishika nyonga.

Siku hizi tunakwenda wote kwa wauza miche. Juzi alichagua bromelia yenye majani ya mistari myekundu, pana kama sinia.

"Hiyo haiingii kwenye chupa, mama."

"Basi tutafute chupa kubwa," akasema, akaendelea kuikagua mizizi.