Wimbo wa Kunywesha Ng'ombe

Juzi nilialikwa Voi kusikiliza kwaya ikiimba nyimbo za kienyeji na za malisho. Ukumbi ulifurika, feni zinazunguka wala upepo hamna, na mimi, mwenzangu, nilikuwa nimestarehe na chupa yangu ya maji mpaka wasichana wa mstari wa mbele walipoanza wimbo wa tatu. Maji yalinipalia. Wimbo huo ni mimi niliyeutoa zizini kwa bibi yangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na watu wakamwaga damu kwa ajili yake.

Tulikaa Werugha, miaka ya sabini, kwenye ukungu ule usiokuwa na haraka ya kuondoka. Kila asubuhi nilimsaidia bibi kumnywesha ng'ombe wake mwekundu, kisha nikakimbia shule na samadi kwenye vidole vya miguu na donge la kimanga cha jana, mseto wetu wa muhogo na maharage, kwenye jani la mgomba. Bibi alimwimbia ng'ombe akinywa. Wimbo mtamu, wa polepole: kunywa mama, mto umekuwa mwekundu, kaka yangu hakurudi na ndama. Mwishoni lilikuja jina la mwanamume, mara tatu. Nilipomuuliza ni nani, alinijibu, "Huu ni wimbo wa ng'ombe. Ng'ombe anasikia, hasemi."

Kumbe lilikuwa jina la baba wa jirani yetu, yule mama mzee aliyeshinda kwetu akichambua maharage na bibi na kucheka hadi kukohoa. Wakiwa wasichana, baba yake alimchoma kaka wa bibi mkuki mtoni, ugomvi wa ndama. Wazee waliwakalisha watu wa nyumba zote mbili wakatasa. Kwetu hasira haiishi kwa kupeana mikono. Unapiga funda la pombe ya miwa, unalipuliza chini kama manyunyu, unasema maneno ya kuiaga, nayo inatoka. Bibi alitema. Kilichobaki alimwimbia ng'ombe.

Mimi hayo sikuyajua. Nilichokijua ni fimbo ya mwalimu wa nyimbo. Alikuwa mtu wa mbali, na alitupiga mashavu ya miguu, sauti ya kwanza kwa sauti ya pili, mpaka damu ikatuganda miguuni. Tamasha la nyimbo la shule lilikuwa limekaribia na hatukuwa na wimbo wa malisho.

"Kila mmoja ananiletea pambio la Sande Skuli!" alifoka. "Wewe, si kwenu kuna ng'ombe? Imba!"

Fimbo ilikuwa juu. Nikaimba. Ikashuka taratibu, na kwa mara ya kwanza mwalimu akanitabasamia. Sitakudanganya: nilifurahi. Wenzangu nao, watoto wa kanisa kama mimi, hawakulijua lile jina, maana kwetu wazee waliokufa hawakutajwa ovyo mbele ya watoto.

Tuliimba mchana, kwenye ukumbi wa kanisa, kola nyeupe, wazazi kwenye mabenchi. Bibi alikuwa mbele, bega kwa bega na jirani. Tulipoanza aliinuka nusu, akanyoosha mkono kana kwamba ataniziba mdomo kwa mbali. Mimi nikaongeza sauti. Jina lilipotoka mara ya kwanza wazee waligeuka wakatazamana. Mara ya pili jirani alijifunika uso kwa kanga. Ya tatu haikuisha. Kijana wake mkubwa alirusha benchi, likampasua mwalimu paji la uso. Baba yangu mdogo akamrukia yule kijana, akamng'ata sikio hadi likaning'inia. Wanaume walipigana kwa fito za jukwaa letu, wanawake kwa viatu, na ile kola yangu ikanyunyiziwa damu ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nani.

Tulipofika nyumbani, yule kijana alikuwa ametutangulia na panga. Ng'ombe alikuwa amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma. Alikuwa akijaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena, na kila akianguka alimtazama bibi. Baba mdogo alimchinja palepale. Bibi hakulia, wala hakunipiga. Heri angenipiga.

Siku ya tatu jirani alikuja peke yake na kibuyu cha pombe ya miwa. Alimpigia bibi magoti, mwanamke wa umri ule, kwenye tope. Alisema, "Dada, tuteme tena. Nitaanza mimi." Akapiga funda, akalipuliza, akasema maneno yake. Kisha akampa bibi kibuyu. Bibi akajaza kinywa. Sote tulisubiri. Akamtazama jirani, akatazama kamba tupu ya ng'ombe, akameza.

Jirani aliinuka akaenda zake. Hawakusemezana tena mpaka walipozikwa, na maharage nilikuwa nikichambua mimi. Mara nyingi nilitaka kumwambia bibi kosa ni langu. Sikuwahi kusema.

Sasa pale Voi wasichana walilifikia jina. Waliliimba mara tatu, kwa sauti nne, kinanda nyuma. Hakuna aliyejifunika uso. Watu walishangilia wakitaka wimbo urudiwe. Mama mmoja kando yangu aliniuliza, "Mbona hupigi makofi, dada? Si ni nyimbo zetu hizi?"

Nilitoka nje na chupa yangu. Bibi na jirani hawapo tena, zizi limekuwa shamba la kabichi, na vijana wa kwetu ukiwatajia kutasa wanakuuliza ni nini. Nikapiga funda la maji, nikainama juu ya mchanga ili niteme kwa niaba ya bibi. Wimbo naujua wote, mwanzo mpaka mwisho. Maneno ya kuiaga hasira sikumuuliza mtu.

Nilisimama na mashavu yamejaa mpaka maji yakapata moto kinywani. Kisha nikayameza.