Kianikio cha Mama Pasi

Kitu cha nyumbani kikishatupwa ni taka, na taka haiachi kuwa taka. Ndivyo ilivyotangaza Idara ya Usafi na Mandhari, kwa karatasi yenye mhuri wa duara iliyobandikwa kwenye nguzo ya taa, kwenye mlango wa zahanati na, kwa sababu ambazo hazikuelezwa, kwenye mti. Tangazo lilikuwa na vifungu kumi na kimoja. Cha kwanza kilisema kwamba chombo chochote cha ndani kitakachoonekana nje kwa zaidi ya siku saba kitahesabiwa kuwa taka, "bila kujali mwenye nacho anakiitaje". Cha pili kilisema kwamba mwenye nacho akidai kuwa si taka bali ni jengo, aonyeshe kibali cha ujenzi. Idara ilikuwa imeifungia kila hoja mlango wa mbele na wa nyuma, na siku ya Jumanne ingeleta lori.

Mama Pasi alilisoma lote akiwa amesimama, kikapu mkononi. Alikuwa msomaji wa polepole lakini wa hakika. Miaka thelathini na mmoja katika chumba cha pasi cha dobi mkubwa wa mji ilikuwa imemfundisha kusoma lebo zenye herufi ndogo kuliko zile, tena zilizofifia kwa sabuni. Alipomaliza kifungu cha kumi na moja alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Tumetajwa."

"Kwa jina?"

"Kwa vitu."

Mumewe alikuwa mlinzi wa geti maisha yake yote, mpaka kiharusi kilipomchukua mguu na mkono wa kushoto na kumwachia mdomo mzima. Chumba chao kilikuwa na paa la bati na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Ikifika saa nne asubuhi, humo ndani hata mshumaa ulikuwa unainama wenyewe. Miezi ya mwanzo baada ya kuugua, mzee alishinda humo akiuangalia ule ukuta, na siku baada ya siku maneno yakawa yanampungua. Mtu aliyezoea kuwauliza mameneja wanakwenda wapi sasa alikuwa hamwulizi hata mkewe. Mguu ulimsikitisha Mama Pasi, lakini ukimya ndio uliomtia hofu.

Nyuma ya safu yao ya vyumba palikuwa na kipande cha ardhi, hatua kumi kwa sita, ambacho mwenye nyumba alikuwa amekisahau na magugu yamekikumbuka. Mama Pasi aliyang'oa magugu, akapiga hesabu za kivuli, kisha akaanza kuzunguka mtaani akiangalia watu wanatupa nini.

Watu, ilibainika, wanatupa nyumba nzima, ila kwa awamu. Alipata vitanda viwili vya chuma vilivyokosa godoro. Akavisimamisha, vikawa kuta. Chaga zake akazilaza juu, zikawa paa. Miavuli saba iliyokufa vitambaa ikawa mbavu za kupandishia mpasheni. Makawa ya feni yakashika matango. Meza ya kupigia pasi iliyolegea mguu mmoja ikawa mahali pa miche, imefunikwa chandarua kilichochanika, na beseni la kuogea lenye ufa likawa shamba la nyanya, maana ufa ule ule uliolifukuza bafuni ndio uliolifanya lisituamishe maji. Mlango uliokuwa wa kabati la mtu ukawa mlango wa bustani. Ulikuwa bado na kioo, kwa hiyo kila aliyeingia alijiona kwanza.

Fundi yeyote angetoboa, angekata na kupiga misumari. Mama Pasi hakutoboa hata tundu moja. Kila kiungo alikifunga kwa vitambaa vya shuka kuukuu, vilivyosokotwa na kukazwa kwa fundo ambalo lilishika kama chuma lakini lilifunguka ukivuta ncha moja. Kwa dobi, kitu kinachopita mikononi mwako si chako. Kina mwenyewe, na kitarudi kwake kama kilivyokuja. Kwa hiyo alikuwa amevalisha kila kifaa kilebo kidogo cha kitambaa kilichoandikwa kwa wino usiotoka: "Kitanda, chumba namba nne." "Feni, mwalimu wa hesabu." Kama mwalimu wa hesabu angetaka kuirudia feni yake iliyoungua, angeikuta salama, na tango juu yake.

Mwezi wa pili alimtoa mumewe nje na kumkalisha chini ya chaga. Mzee aliangalia juu, akaangalia kushoto, akaangalia ule mlango wenye kioo.

"Nani anaruhusiwa kuingia humu?" akauliza.

Mama Pasi akaenda nyuma ya beseni la nyanya, akafuta macho kwa kanga, akarudi. Mzee alikuwa ameanza kazi.

Na sasa lori lilikuwa linakuja kuchukua geti lake.

Aliyekiona kifungu cha tisa ni fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye ulimi ulionolewa pamoja na mkasi. Jumapili jioni alikuja na nakala ya tangazo aliyoibandua kwenye ule mti.

"Dada, sikiliza. 'Hazitahesabiwa kuwa taka kamba na vifaa vya kuanikia nguo vilivyo katika matumizi.' Nani mtaa huu anajua nguo kama wewe?"

"Hiki si kianikio. Ni kivuli cha baba."

"Jumanne asubuhi ni kianikio. Baada ya hapo kiite unavyotaka."

Mzee aliunga mkono. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi na watu wenye karatasi, na alijua kwamba hakuna kinachomfurahisha mtu mwenye karatasi kama kuonyeshwa karatasi yake mwenyewe.

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumatatu safu nzima ingeleta nguo chafu. Mama Pasi angezifua, na Jumanne alfajiri zingening'inizwa mbichi, zinachuruzika, kila mahali. Jumatatu ikawa hivyo. Zikaja nguo arobaini na tatu, na soksi ambazo hazikuhesabiwa kwa heshima ya wenye nazo. Mama Pasi alifua mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, akaanika zote, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, zikakauka kabla halijazama. Hilo halikuwa tatizo. Kilichotakiwa ni kuzilowesha tena asubuhi.

Jumanne fundi cherehani alipopita kwenye mlango wa kioo, alisimama kama aliyekatiwa umeme. Bustani ilikuwa imependeza kupita kiasi. Mashuka yameshuka chini yamenyooka kama karatasi. Mashati yamepangwa kuanzia la mtoto wa chumba namba sita hadi la mwuza mkaa, kola zote zimetazama upande mmoja. Suruali zina mistari ya kukatia mkate. Katikati ya yote hayo Mama Pasi alikuwa ameinama juu ya pasi ya mkaa, anamalizia foronya.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimenyoosha."

"Zilitakiwa ziwe mbichi."

Mama Pasi akanyanyua pasi. Aliangalia nguo arobaini na tatu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezinduka ugenini.

"Mgeni anakuja," alisema taratibu. "Nimwonyeshe makunyanzi?"

"Wewe mwanamke," alisema mzee toka kwenye kiti chake, "ukifa utawanyoosha wanaokuzika."

Hapakuwa na muda wa kulowesha chochote. Lori lilikuwa linarudi nyuma kwenye kichochoro, linalia.

Alishuka afisa mwembamba, kijana, amevaa koti la kijivu la Idara, na ubao wa kushikia karatasi kifuani. Nyuma yake dereva, mtu wa kitambi na utulivu, ambaye hakuangalia nguo wala vitanda. Aliangalia nyanya.

"Unakwenda wapi?" mzee akamwuliza afisa.

Afisa, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeuliza maswali, alijikuta anajieleza. Akaruhusiwa kuingia.

Alizunguka bustani mara moja. Alisoma kilebo cha mwalimu wa hesabu. Kisha akashika mkono wa shati moja kati ya vidole viwili.

"Mama, hizi zimekauka."

"Zimekauka, mwanangu."

"Na zimepigwa pasi."

"Zimepigwa."

"Kifungu kinasema kianikio kilicho katika matumizi." Aliongea bila ubaya, alikuwa mtu wa haki, na hilo lilizidi kuharibu mambo. "Nguo iliyokwisha kupigwa pasi haianikwi, mama. Imewekwa tu."

 Hata mzee, ambaye alikuwa amewarudisha watu wengi getini kwa hoja nyembamba kuliko hiyo, alikiri moyoni kwamba kijana amesimama vizuri. Afisa aliandika kwenye fomu: Taka, mkusanyiko mmoja. Dereva akaenda kushusha ubao wa nyuma wa lori, polepole, kama mtu anayetandika kitanda cha maiti.

"Kijana," alisema mzee, "ukichukua hilo paa nichukue na mimi. Mimi pia nimetolewa ndani, na niko nje tangu mwezi wa pili."

"Wewe si chombo cha nyumbani, mzee."

"Mwulize mke wangu."

Lakini mkewe hakuwa anasikia. Afisa alikuwa ameinama kuandikia juu ya meza ya miche, amempa mgongo, na Mama Pasi alikuwa anautazama ule mgongo. Kijana alikuwa amesafiri amebanwa kati ya dereva na tairi la akiba. Koti lilikuwa limejikunja kuanzia mabegani hadi kiunoni, na kwenye kola palikuwa na alama ya grisi ya ukubwa wa kiganja. Mama Pasi alikuwa anapoteza bustani yake, kivuli cha mumewe na, kwa kadiri alivyojua, sauti ya mumewe pia. Yote hayo aliyaweza. Lile koti hakuliweza.

"Mwanangu, hilo koti umelilalia?"

"Ni la kazini, mama."

"Lete."

Alisema kwa sauti ya chumba cha pasi, sauti ambayo mahakimu waliwahi kuivulia majoho. Afisa alivua mkono mmoja, akahamisha kalamu, akavua wa pili. Mama Pasi alitoa vilivyokuwa mifukoni, kwa kuwa dobi huanza na mifuko: leso, ufunguo na mhuri wa duara. Akavipanga mezani kwa mstari. Akaizamisha kola kwenye karai, akaisugua kwa sabuni na kidole gumba, kisha akaona aibu kufua kola na kuacha mgongo, akafua lote. Akalikamua. Akaangalia kushoto na kulia, hapakuwa na nafasi. Ikabidi aondoe foronya ya chumba namba mbili, na pale katikati, kwenye kichwa cha kitanda cha chumba namba nne, akalitundika koti la Idara, akalivuta mabega yakae sawa.

Maji yakaanza kudondoka. Tone, tone, kwenye udongo wa nyanya.

Yeye alirudi kupuliza mkaa wake. Fundi cherehani ndiye aliyeona kwanza. Akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha akaona mzee, naye akajiweka sawa kitini kadiri nusu yake ilivyoruhusu.

"Afisa. Koti lako limefanywa nini?"

"Limefuliwa."

"Na sasa linafanya nini pale kwenye taka?"

Afisa aliligeukia koti. Aliangalia nembo ya Idara iliyokuwa kifuani, inavyochuruzika. Akakumbuka, bila shaka, kwamba fomu ilimtaka aorodheshe kila kilichokutwa ndani ya mkusanyiko, pamoja na idara husika. Aliusoma upya ukurasa wake, toka juu hadi chini, kama unavyomsoma mtu uliyedhani unamfahamu. Kule nyuma ukasikika ubao wa lori ukipandishwa. Dereva hakuwa amengoja uamuzi.

"Linaanikwa," alisema afisa.

"Sema kwa sauti, mke wangu anapuliza moto."

"Linaanikwa, mzee."

Alikata mstari mmoja kwa rula, akaandika juu yake: Kianikio, kimoja, kikubwa. Kinatumika. Akachukua mhuri uliokuwa umewekwa tayari mezani, akagonga. Ndipo Mama Pasi alipoinua kichwa, akauliza kumegongwa nini, na fundi cherehani akamkumbatia na pasi yake ya moto, karibu waungue wote wawili. Habari ilifika mwisho wa safu kabla majivu hayajatulia. Watu wakaja kuchukua nguo zao, na hapakuwa na hata mmoja aliyezikunja. Walizibeba juu kwenye mikono miwili, kichochoro kizima, kama wanatoka kushinda vita fulani safi sana.

Koti lilichukua dakika arobaini kukauka. Afisa alizipitisha chini ya chaga, kwenye kivuli, akiwa na kopo la maji na mzee, ambaye alimsimulia mageti manne kwa mpangilio. Alipoondoka alikuwa amenyooka kiasi kwamba alikataa kukaa karibu na tairi. Alisimama kwenye ngazi ya lori, ameshika kioo, mpaka barabara kubwa.

Tangu hapo kila chumba kina siku yake ya kuanika, ili Kianikio kiendelee kutumika kama kilivyoandikwa. Mpasheni umefika juu na kuanza kuzaa, na mwenye suruali huchuma akiwa anaanua. Mzee anaongea mchana kutwa. Majirani wawili wameleta malalamiko, na Mama Pasi ameyapokea vizuri, ameyakunja na kuyaweka.

Lori la Idara hupita kila Jumanne likitoka kukusanya, na kabla ya kwenda jalalani husimama kwa muda kwenye kichochoro kile, injini imezimwa. Mtu wa mizani kule jalalani ameandika kwamba siku hizo huwa linafika jepesi kidogo.