Chale Tatu Kwenye Bega la Diwani

Jumatatu ile asubuhi mume wangu, Baba Fadhili, alikuwa amekaa kibarazani ananyoosha misumari. Ndiyo kazi aliyokuwa amebaki nayo. Mguu wake wa kulia ulikuwa na matende, umevimba kuanzia gotini mpaka vidoleni, na kwa miaka mingi safari yake ndefu ilikuwa kwenda chooni na kurudi. Tulikuwa tumebomoa paa la jiko la zamani. Yeye akachukua misumari ya bati iliyopinda, mmoja mmoja, anaulaza juu ya jiwe, anaugonga kwa jiwe jingine mpaka unyooke, kisha anautia kwenye kopo. Mingine ilimponyoka ikarukia uani. Nikamgombeza kwamba kuku wangu watakufa kwa misumari yake.

"Kuku wako wamemeza mabaya kuliko haya," alisema, akaendelea kugonga.

Mimi nina mdomo, sikatai. Yeye alikuwa mtu wa mzaha. Ndivyo tulivyoishi miaka thelathini na kitu.

Kijiji chetu kilikuwa bondeni, upande wetu huu wa mto Ruvuma, chini ya mteremko wa Newala. Kule punda alikuwa mnyama mgeni. Wa kwetu alinunuliwa na mwanetu Fadhili, anayeuza vyombo vya plastiki pale Mkomaindo, mjini Masasi. Alimpata kwa mtu aliyetoka naye Dodoma, akamleta ili mimi nipumzike kubeba maji na baba yake apate miguu. Baba Fadhili akamwita Diwani, kwa sababu anakula vizuri na ukimwita haji. Kila Ijumaa nilikuwa nampandisha mume wangu juu ya gunia lililokunjwa, Diwani anampeleka msikitini, na watoto njiani wanampigia saluti. Naye anawarudishia. Loo, alikuwa anapenda Ijumaa mtu yule.

Ng'ambo ya mto hali ilikuwa mbaya tangu muda mrefu. Tulikuwa tunaona moshi. Watu walivuka na magodoro yao, wanakaa siku mbili kwa ndugu, wanapanda juu Newala. Tuliwapa muhogo, tukawapa pole. Walitueleza habari za watu wenye bunduki na mapanga, ambao hawakusema wanataka nini. Tulisikiliza huku tukidhani mto utawazuia. Sijui kwa nini tulidhani hivyo, na hao tuliokuwa tunawapa muhogo wameuvuka kwa mtumbwi.

Siku ile ile ya misumari, mchana, nilikwenda kumfungua Diwani nikateke maji. Akagoma. Nilimvuta, akaruka kwa miguu mitatu. Mguu wa mbele wa kushoto aliuinua, ncha ya ukwato ikawa inagusa chini kidogo tu, anautoa tena. Asubuhi alikuwa mzima.

"Ameteguka bega," alisema Baba Fadhili kutoka kibarazani.

Nami nikaona hivyo hivyo. Mtu wa kwetu akichechemea, unamchanja chale pale kwenye kiungo, unasugulia unga wa dawa uliochanganywa na mafuta ya nyonyo. Mama yangu alikuwa fundi wa chale, nami nikarithi mkono wake. Wanawake walikuja kwangu na magoti yao, viuno vyao, wanaondoka wanatembea. Nilichukua wembe mpya, nikamchanja Diwani begani chale tatu fupi, nikasugua dawa. Akatetemeka mwili mzima. Nikamwambia mume wangu, kwa majivuno yangu yote, "Siku ya tatu huyu anatembea."

Jumanne tukapata habari kwamba kijiji cha jirani, upande wetu huu huu, kimechomwa. Jioni nusu ya majirani walikuwa wamefunga mizigo.

Fadhili akapiga simu. "Mama, tokeni huko leo hii."

"Baba yako atapandaje ule mteremko na mguu ule?"

"Kwa pikipiki. Nimeongea na Issa."

Issa alikuwa jirani yetu, kijana mwenye pikipiki. Jumatano asubuhi na mapema akaja kweli. Mke wake na watoto alikuwa ameshawapeleka juu. Alisimama uani bila kuzima injini.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumchukua mzee."

"Marahaba. Na mimi je?"

"Nafasi ni ya mtu mmoja, mama, na mguu wa mzee lazima tuufunge kwa kamba usiburuze. Nikimfikisha nitarudi kukuchukua. Ila njia imeharibika kwa mvua. Sina uhakika kama nitaweza kurudi."

Baba Fadhili hakumwangalia Issa. Aliniangalia mimi. "Unasemaje, Mama Fadhili? Punda atapona?"

Nataka nieleze sawasawa nilivyojibu, maana miaka yote hii najijua ninavyopenda kujitetea. Sikusema labda. Sikusema tusubiri tuone. Nilisema, "Kesho atatembea. Chale zangu hazijawahi kunitia aibu. Nenda, Issa, kachukue mtu asiye na punda."

Mume wangu akasema, "Umemsikia daktari," akacheka. Pikipiki ikaondoka na bibi mmoja wa nyumba ya tatu, aliyekuwa amekaa barabarani na kifurushi chake. Bibi yule yu hai mpaka leo, na simwonei kijicho.

Alasiri ile nikaongeza dawa. Safari hii nilipaka mafuta ya ganda la korosho, yale makali tunayoondolea sugu, yakamchoma ngozi ya bega mpaka manyoya yakanyonyoka. Diwani aliacha kula. Ukwato nilikuwa naushika kila nikimsogeza, ukawa wa moto mkononi mwangu. Niliusikia ule moto. Nikafikiri ni dawa inashuka.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, tukasikia milio upande wa mtoni.

Nikamleta Diwani mpaka kibarazani. Nikamshika mume wangu kwapani, nikamwinua, nikamkalisha juu ya gunia. Diwani akapiga hatua moja. Akaanguka kwa magoti, na Baba Fadhili akaanguka naye.

Nikamwinua mume wangu tena. Punda hakuinuka.

Milio ikawa karibu. Niliona mtu anakimbia, kisha mbuzi, kisha watu wengi.

"Nipeleke kwenye muhogo," alisema Baba Fadhili.

Shamba letu la muhogo lilikuwa nyuma ya choo. Nilimburuta. Nasema nilimburuta, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamlaza kati ya matuta, nikakata majani kwa kisu nikamfunika.

"Sasa nenda."

"Siendi."

"Mama Fadhili, mara moja tu katika maisha yako, nisikilize bila kunijibu."

Nikaenda.

Sikumwomba msamaha. Sikushika mkono wake. Nilipopita uani nilimkata Diwani kamba, sijui kwa nini, labda kwa sababu kisu kilikuwa mkononi. Nikaingia kwenye mikorosho, nikapanda.

Nilipofika nusu ya mteremko nikakaa nyuma ya jiwe. Chini, bati zilikuwa zinalia kwa moto. Nikasikia risasi tatu, zimeachana, polepole. Upande wa muhogo. Siwezi kuapa. Lakini milio mingine yote ya siku ile imenitoka kichwani, hiyo mitatu ninayo.

Nikiwa nimekaa pale nikasikia mawe yanaporomoka nyuma yangu. Nikajua ndiyo mwisho wangu, nikafumba macho nikatoa shahada. Alikuwa Diwani. Anapanda kwa miguu mitatu, anasimama, anahema, anaruka tena. Mbwa wewe, nilimwambia. Kumbe bila mzigo unaweza. Nilimtukana kwa kunong'ona mpaka sauti ikakatika, naye akasimama karibu yangu kwa sababu hakumjua mtu mwingine.

Tulifika Kitangari, kwa dada yangu, kesho yake. Siku mbili baadaye akapita binti wa mifugo, ofisa kijana sana, anayezungukia watu waliokimbia na wanyama wao. Aliangalia lile bega lililoungua. Kisha akainama, akauinua mguu, akaukalisha ukwato mapajani pake.

"Nani aliwaambia ni bega?"

"Mimi."

"Mama, punda akichechemea ghafla namna hii, anza chini. Mara nyingi ugonjwa uko ukwatoni."

Alisafisha unyayo kwa kisu kidogo kilichopinda mpaka akaona kidoa cheusi. Akabana pale kwa koleo, Diwani akavuta mguu kwa nguvu. Akachimba taratibu. Usaha mweusi ukatoka, unanuka vibaya, na ndani yake kikaja kitu chembamba. Alikisuuza, akaniwekea kiganjani.

Ulikuwa msumari wa bati, kichwa kimekatika. Umenyooka. Ubavuni ulikuwa na alama za jiwe.

Binti alikuwa anaendelea kuongea, niuloweke ukwato kwenye maji ya moto yenye chumvi, nifunge kwa kitambaa safi, nimtenge na matope. Nilimwuliza jambo moja tu. Ingekuwa ukwato umefunguliwa siku ile ya kwanza, angetembea lini?

"Kwa jeraha hili? Kesho yake, mama. Ikichelewa sana keshokutwa."

Hakujua alichoniambia. Asubuhi iliyofuata Diwani alikuwa amesimama kwa miguu minne, anakula maganda ya mihogo. Nilipomwona nikakaa chini nikalia kwa sauti, nikampiga kwa kanga yangu, dada yangu akaja kunishika. Nilimchukia mnyama yule. Nikajichukia mimi zaidi, na bado.

Tulirudi na askari baada ya siku kumi na moja. Tukamzika Baba Fadhili pale pale kwenye muhogo, kwa sababu hakuwa wa kuhamishwa. Fadhili alishika jembe mwenyewe. Issa alimwambia habari ya pikipiki, najua alimwambia, kwa sababu nilimwona amesimama muda mrefu ameshika mpini hachimbi. Hajaniuliza mpaka leo. Kila akija kutoka Masasi ananiletea sukari na sabuni, ananiamkia, anakaa, anaongea habari za korosho. Nangoja aniulize. Naona angeniuliza ingekuwa nafuu.

Kijijini sikurudi kuishi. Niko Kitangari, na huku watu wengine wamenunua punda wa maji, kwa hiyo mnyama akichechemea wananiita. Yule binti alinifundisha. Nakuta kwato zilizoachwa zikarefuka mpaka zikapinda mbele, kwato zilizooza kwa kulala kwenye tope, mishipa iliyovutika kwa mzigo mkubwa, miguu iliyojaa moto kwa sababu mtu alimpa mnyama pumba nyingi akidhani anamfadhili. Mara moja moja nakuta kweli ni bega. Lakini naanza chini. Wembe nilishautupa. Msumari ninao, kwenye kopo la chumvi, peke yake.

Na kila mwenye punda lazima aniulize, nikiwa bado nimeinama na mguu uko mapajani: "Mama Fadhili, kesho atatembea?"

Nawaambia sijui. Nawaambia, kama una safari, na kuna mtu amekupa nafasi, panda uende.