Swali la Koku

Kahawa mbivu ikilundikwa bila kuanikwa hutoa harufu tamu inayoelekea kuchacha. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Kiingereza. Mwalimu wetu wa darasa la saba, pale Kahororo, alikuwa na shamba nyuma ya shule, na sheria yake ilikuwa nyepesi: ukikosea sentensi, unakwenda kuchuma kahawa yake mpaka jioni. Ajabu ni kwamba miezi mingine tulikuwa na akili zetu timamu. Kahawa ikiiva tu, loo, darasa zima tukawa wajinga. Mtego wake mkubwa ulikuwa kuchagua kati ya "I ate" na "I have eaten". Hakutufundisha tofauti, alituuliza tu na kututia makosani. Tukajitafutia njia wenyewe. Kihaya, lugha yetu ya nyumbani, kina umbo la jambo la leo, la jana na la zamani, basi tukaamua kila cha leo kiwe na "have". "I have eaten at seven," tulijibu kwa kujiamini. Haya, shambani!

Koku, binti wa baba mkubwa, alikuwa ameletwa kwetu kutoka kijijini Ngenge ili asome. Alitaka kuwa mwalimu, hakuwa na wimbo mwingine. Siku moja alipiga goti kama tulivyolelewa, akauliza kwa neno la heshima la Kihaya, "Waitu mwalimu, sisi tunatazama kama ni leo au jana. Waingereza wanatazama nini?" Wanasema kuuliza si ujinga, lakini wasemao hivyo hawakumjua mwalimu wetu. Akacheka kwa nguvu. "Profesa wa Ngenge! Kawaulize Waingereza huko kwenye mibuni." Tangu siku hiyo, kengele ya mapumziko ikilia, Koku alikwenda shambani, akose au asikose, na masomo yote ya mchana yakampita msimu mzima. Mtihani ulipokuja alianguka. Baba mkubwa akaja kumchukua, na mama yangu alilia kuliko Koku mwenyewe.

Leo nafundisha Kiingereza huko Buhembe, na swali lile nalijibu kabla chaki haijachafua vidole: ukitaja wakati uliokwisha kupita, jana au asubuhi ya leo, ni "ate", usipoutaja, ukatazama hali iliyopo sasa, ni "have eaten". Mwalimu yule tulimzika juzijuzi, akasifiwa kanisani kuwa mlezi wa vizazi. Sikufungua mdomo kuimba. Sijamsamehe, na sioni haya kusema. Baada ya mazishi nilikwenda Ngenge, nikamkuta Koku akipalilia mahindi, nikampa jibu lake. Akaegemea jembe, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, dada."

"Basi ningeelewa," akasema, akainama tena kwenye magugu.