Beseni la Kutosha Ndege

Jirani yangu wa kazini ni fundi wa kuziba pancha. Watu wote wa barabara yetu humwita Injinia, naye huitika. Mimi nashona viatu. Vibanda vyetu viwili vya mabati vimeegemeana. Yeye ana maneno, mimi nina masikio, na kwa miaka kumi na tisa mpango huo haujamuumiza mtu ila mara moja. Hiyo mara moja ndiyo nataka kuieleza, lakini kwanza umjue mwenyewe.

Ni mtu mfupi, kifua kipana, vidole vimekunjamana kwa kushinda kwenye maji. Mteja akileta baiskeli, Injinia hutoa tyubu, huijaza upepo, kisha huizamisha kwenye beseni lake la buluu kipande kwa kipande, akiizungusha taratibu kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Hapo huwa hasemi neno. Hata ukimwambia tundu liko hapa, nimelisikia likipuliza, atakujibu, "Ngoja maji yaseme." Viputo vikitoka, huchomeka kijiti cha kiberiti pale palipotoboka, hukausha, hupiga msasa, hupaka gundi, hubandika kiraka.

Kiraka kikishashika ndipo mdomo hufunguka. Atakueleza kilichokutoboa, njia uliyopita na mtu uliyembeba. Mara moja alimwambia kijana mmoja, "Jana ulikatiza nyuma ya ghala la mbao, na nyuma ulipakia mtu mzito asiyependa kushuka mlimani. Mama mkwe?" Kijana akakubali kwa kichwa. Mara nyingi Injinia alipatia, na huko kupatia ndiko kulikomharibu. Kutoka kwenye tairi alihamia kwenye kila kitu: kwa nini umeme ulikatika, kwa nini ukuta wa benki una ufa, kwa nini mke wa Kinyozi siku hizi hapiti dukani. Kinyozi, mwenye duka ng'ambo ya barabara na televisheni ndani yake, ndiye aliyempa jina la Injinia, kwa kumcheka. Yeye akalivaa kama koti jipya.

Nampenda, na sioni aibu kuandika hivyo. Mwaka nilipougua miezi miwili, alifungua kibanda changu kila asubuhi, akavipangusa viatu vya watu na kuwapa wenyewe walipovifuata. Alikosea jozi moja tu, na yule aliyepewa visivyo vyake alisema vinamkaa vizuri zaidi.

Ile ndege ilianguka siku ya Jumatano. Iliruka asubuhi kutoka uwanja wa mji wetu, ikapita juu yetu kama siku zote, na baada ya dakika chache ikaanguka kwenye vilima. Ilikuwa na watu sitini na wanane. Hakupona hata mmoja. Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi. Tulisimama mlangoni kwa Kinyozi tukitazama televisheni, na Injinia alisimama na tairi la baiskeli begani, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Nayasema haya kwa sababu yaliyofuata hayakutoka kwenye moyo mbaya.

Kesho yake watu walianza kutaka sababu. Televisheni ilisema wachunguzi wamefika, wanatafuta kisanduku cheusi, na kila mtu awe na subira. Lakini msiba mkubwa namna ile hauvumiliki bila sababu. Huyu alisema rubani alikuwa amechoka. Yule alisema kunguru waliingia kwenye injini. Mwingine alisema ndege yenyewe ilikuwa kuukuu, imepakwa rangi tu. Kila mmoja alileta lake kwa Injinia kama anayeleta tyubu, naye alisikiliza, akatikisa kichwa. Siku ya tatu akatoa la kwake.

"Mafuta yalikuwa na maji," alisema.

Akaeleza vizuri mno. Alikuwa amewahi kuona pikipiki iliyotiwa petroli yenye maji: inawaka bila shida, inakwenda kidogo, inakohoa, inazimika. Na ile ndege je, si iliruka vizuri, ikaenda kidogo, ikaanguka? Pikipiki ikizimika, alisema, unashuka unasukuma. Kule juu utashukia wapi? Watu kwenye benchi la mbele ya kibanda chake walisogea karibu. Jioni maneno hayo yalituzungukia kutoka upande wa sokoni, hayana tena jina lake. Mteja wangu mmoja aliniambia, "Wameshasema ni maji kwenye mafuta." Sikumuuliza ni nani waliosema. Uvumi huondoka peke yake, ukarudi na mashahidi.

Nami nilikuwa najua jambo nikanyamaza.

Kuna mama mmoja tunamwita Bi Toroli. Hufua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mwisho wa barabara, na kila siku hutupita akisukuma toroli lenye mafurushi mawili, asubuhi yakiwa machafu, alasiri yakiwa yamepigwa pasi. Gurudumu la toroli hilo lilikuwa mgonjwa wa Injinia tangu zamani. Mwanawe wa pekee anafanya kazi uwanja wa ndege. Injinia alidhani anabeba mizigo ya abiria. Lakini buti zake nazishona mimi, na soli zake zinanuka kama mafuta ya taa, na siku moja kijana mwenyewe aliniambia: kazi yake ni kujaza ndege mafuta. Nilitaka kumwambia Injinia. Mimi maneno hunifika kooni yakakaa kitako. Nikawa napaka uzi nta. Siku mbili nzima nilipaka uzi nta.

Jumapili asubuhi Bi Toroli alisimama kujazwa upepo. Mtu mmoja kwenye benchi, mcheshi, wala hakuwa na nia mbaya, akamwuliza, "Bi, si mwanao ndiye anayezinywesha zile ndege? Hebu tuambie, safari hii alizinywesha nini?"

Bi Toroli hakumtazama yule mtu. Alimtazama Injinia, aliyekuwa ameinama na pampu mkononi. Kisha akashika mikono ya toroli, akaondoka na gurudumu limejaa nusu. Injinia akanigeukia aniulize ana nini yule mama, na hapo nikamwambia. Maneno yalitoka mepesi, kwa kuwa yalikuwa yamechelewa.

Tangu siku hiyo mambo yaliharibika upesi. Kijana alikuwa ameshaambiwa akae nyumbani, yeye na wote walioigusa ndege ile asubuhi ile, mpaka mahojiano yaishe. Sasa akaacha hata kutoka kumwaga maji. Watu walikuwa wakipunguza mwendo mbele ya dirisha lao. Bombani wanawake wakawa wanampisha mama yake nafasi pana kuliko heshima inavyotaka. Na lile gurudumu likatoboka kabisa, lakini Bi Toroli hakulileta. Alitupita asubuhi na alasiri akisukumia ringi juu ya kokoto, kra, kra, kra, mafurushi yanapepesuka. Injinia alikuwa akisikia sauti ile tangu kule kwenye kona, na sentensi aliyokuwa nayo mdomoni haikumalizika.

Mkewe, ambaye ni mshonaji wa nguo, alinijia kibandani mwisho wa juma. Akataka kujua mwenzangu ana nini. "Taa ilipepesa jana nyumbani, na hakunieleza kwa nini," alisema. "Huyo ni mgonjwa." Nikamweleza. Sijui alimwambia nini mumewe, ila Jumapili alasiri Injinia alinipitia kwangu amevaa shati la mikono mirefu. Akasema twende wote, maana mimi najua kunyamaza.

Tulipiga hodi. Bi Toroli alifungua akiwa na pasi mkononi, na hakusema karibu. Chumba kizima kilikuwa kimetundikwa mashuka, na mwanawe alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya weupe ule kama mtu anayesubiri kuitwa. Injinia alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, nilimsikia akiyapanga. Yote yalimpotea.

"Nimekuja kuomba radhi, dada," alisema.

Kijana alisimama. "Shikamoo, mzee."

Marahaba ya Injinia ilitoka kwa shida. Kijana akatueleza kazi yake, kwa sauti ya upole, hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo. Kabla bomba la mafuta halijafungwa kwenye ndege, alisema, wanachota mafuta kwenye chupa ya kioo. Wanainua chupa kwenye mwanga na kuangalia. Kisha wanayapima kwa kidude kidogo kinachobadilika rangi mafuta yakiwa na maji hata chembe. Asubuhi ile alifanya hivyo, akaandika, akatia sahihi. Wachunguzi wameichukua karatasi, na mafuta kidogo yaliyobaki kwenye gari wameyachukua wakayapime upya.

"Nilitazama, mzee," alisema. "Nilitazama vizuri. Lakini nikikaa hapa nikasikia watu wanapita wanasema, naanza kujiuliza kama kweli nilitazama."

Injinia alimwangalia mikono. "Kumbe na wewe una beseni," alisema polepole.

Bi Toroli akaiweka pasi juu ya kigae chake. "Ulisema barabarani," alimwambia, "sasa unakuja kufuta chumbani. Humu ndani nani alisema?" Akaufunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga tu.

Jumatatu jioni, saa ya taarifa ya habari, duka la Kinyozi likiwa limejaa mpaka barazani, Injinia alifuta mikono akavuka barabara. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Yeye hufuatwa, hafuati. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Akamwomba Kinyozi apunguze sauti.

"Ile habari ya maji kwenye mafuta, mwanzo wake ni mimi," alisema. "Sikuisikia popote. Niliitunga pale kwenye benchi langu kwa sababu ya pikipiki. Kilichoiangusha ile ndege sikijui."

Kinyozi alisimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. "Injinia hajui? Jamani, nani ana kalamu, tuandike tarehe."

Wakacheka sana. Mmoja akasema labda ametishwa, mwingine akasema wakubwa wamemfunga mdomo. Injinia aliwaacha wakamaliza. Sikio moja lilikuwa limemwiva kwa aibu, nililiona.

"Mimi ndege sijawahi kupanda," alisema. "Nimeona tumbo lake tu, likipita. Tyubu ya baiskeli, naishika mkononi, na bado siisemei mpaka niitie majini. Ile ndege niliitia kwenye maji gani? Nimemsingizia mtoto wa jirani, aliyeitazama kazi yake vizuri kuliko ninavyoitazama yangu. Anayetaka kucheka, anicheke mimi. Yule kijana mumwache apite."

Hawakucheka tena, ingawa sitadai kwamba wote waliamini. Wapo mpaka leo wanaosema ni maji. Neno likishatoka hulikusanyi lote. Lakini keshokutwa yake kijana alitoka, akavuka barabara mchana kweupe, akakaa kwenye kiti cha Kinyozi. Kinyozi alimnyoa kwa uangalifu mkubwa, akampaka manukato ambayo hakuyaomba. Na kila aliyekuja kwa Injinia kuchokoza habari ya ndege alipata jibu moja tu: "Ndege sina beseni la kuitosha."

Niseme mapema, ili msomaji asikae na roho juu: miezi minne baadaye wachunguzi walitangaza kwamba mafuta yalikuwa safi, na kijana akarudi kazini, na buti zake zikarudi kwangu na harufu yao. Kilichoiangusha ndege hawajakitangaza mpaka ninapoandika haya. Ila siku zile hatukuyajua hayo, na ringi ya toroli iliendelea kulia mbele yetu, asubuhi na alasiri, kra, kra, kra.

Ilipita wiki moja. Ikapita ya pili. Injinia hakumwita Bi Toroli, wala hakumkimbilia. Kila asubuhi alimwaga maji ya jana, akajaza beseni mapya, akakaa.

Siku ya kumi na saba tangu ile jioni kwa Kinyozi, na nilizihesabu, sauti ile ilifika mbele yetu ikakatika. Nikainua macho. Bi Toroli alikuwa ameishusha miguu ya toroli mbele ya benchi.

"Ziba," alisema. "Lakini usinieleze kilichoitoboa."

Injinia alilipindua toroli baada ya kuyahamishia mafurushi juu ya benchi, kwa mikono aliyoifuta kwanza mara mbili kwenye suruali. Akatoa tyubu, akaijaza, akaizamisha, akaizungusha. Tyubu ilikuwa imesagwa na ringi, ina matundu matano. Vijiti vitano vya kiberiti vilisimama juu yake. Aliziba tundu moja moja bila kuinua kichwa. Alipopapasa ndani ya tairi, nilimwona kidole kimesimama mahali, uso umebadilika. Nimemjua miaka kumi na tisa, sijamwona akiteseka vile. Alichomoa kitu, akakifumbata. Akafunga gurudumu, akajaza upepo, akayarudisha mafurushi moja baada ya jingine, akalisukuma toroli kidogo ili lielekee upande wake wa kwenda.

Bi Toroli alishika mikono ya toroli akaenda hatua nne, tano. Halikulia. Akasimama, bila kugeuka.

"Haya, sema," alisema. "Utapasuka bure. Ilikuwa nini?"

Injinia akafumbua kiganja, akakinyoosha mbele yake ili mama akigeuka akione mwenyewe.

"Msumari, dada," alisema. "Huu hapa. Ulikotoka sijui."