Bibi Anawahi, Kompyuta Inasema Amekosa

Saa tatu asubuhi, mwanamke ambaye wenzake humwita Mama Tarehe ameinamia kompyuta ya mtumba kwenye mapokezi ya kliniki ya mazoezi ya viungo. Mbele yake kasimama bibi mmoja na mkongojo, mshonaji mstaafu, na kuketi hataki.

"Sijakosa hata siku moja! Mashine yako inanisingizia."

"Shikamoo kwanza, bibi."

"Marahaba. Inanisingizia."

Hapa mgonjwa akifanya mazoezi siku thelathini mfululizo, anapimwa kama yuko tayari kuacha mkongojo. Akiruka siku, anaanza upya.

Miaka tisa Mama Tarehe alifuatilia hayo kwenye daftari, akifunua kurasa hadi macho yanamwuma. Ndipo akaanza kujifunza PHP, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, saa ya chakula cha mchana. Ilimchukua miaka miwili.

"Mume wangu alikuwa akiuliza, unapika nini humo kwenye simu mbona hakinukii?" anacheka.

Mwezi uliopita programu yake ilichukua nafasi ya daftari. Inapanga tarehe za mgonjwa kwenye orodha, inalinganisha ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Lakini wiki hii wagonjwa sita wamelalamika. Mkuu wa kliniki amempa hadi saa sita mchana. Isipotengemaa, daftari linarudi.

Bibi anatoa kalenda mkobani. Ina alama thelathini za chaki ya kushonea, pamoja na ya leo, bila pengo.

"Jumatatu ulifika saa ngapi, bibi?"

"Saa tatu."

"Na Jumanne?"

"Saa mbili na nusu. Nifanyeje? Kiti cha dirishani kinagombewa!"

Mama Tarehe anajipiga kofi kwenye paji la uso.

Kila tarehe ilikuwa imebeba na saa yake. Toka Jumatatu saa tatu hadi Jumanne saa mbili na nusu ni saa ishirini na tatu na nusu. Kompyuta ikaona siku haijatimia, ikakata mfululizo.

"Nilikuwa namwadhibu anayewahi," anasema. "Mchelewaji ndiye aliyekuwa anapeta."

Anaongeza mistari miwili: kila tarehe irudishwe saa sita usiku, siku inapoanza, ndipo ilinganishwe. Anajaribu. Bibi, thelathini. Wanne kati ya wale wengine, sawa.

"Na mimi?" anauliza dereva mmoja benchini.

"Wewe Alhamisi hukuja, kaka. Hapo mashine haijakosea."

Benchi zima linaangua kicheko. Saa tano na robo mkuu wa kliniki anapita, anasoma kioo cha kompyuta, anachukua daftari mezani na kulifungia kabatini.

Kliniki mbili nyingine zimeshamwomba Mama Tarehe programu hiyo. Anataka kuziwekea zote kabla mwaka haujaisha, kisha awafundishe wapokezi wenzake.

"Kazi haina makuu," anasema. "Tarehe ya mwisho tu ndiyo haina mwenzake wa kulinganishwa naye. Hiyo naiacha isubiri kesho."

Bibi kesha kupimwa. Mkongojo umeegemea meza ya mapokezi, mwenyewe yuko hatua kumi mbele, dirishani.

"Kesho nakuja saa moja!"

"Bibi, wewe umeshamaliza."

"Nani kamaliza? Kiti changu nimwachie nani?"